Kisima kipya mtaani? Uliza floraidi kwanza

Umewahi kukutana na msee wa Nakuru ama Naivasha anayecheka akiwa amefunika mdomo kwa mkono? Usikimbilie kusema hapigi mswaki. Meno ya kahawia mara nyingi ni kazi ya floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa na kuingia kwenye maji ya ardhini. Aliyanywa akiwa mtoto, meno yakijengeka. Ukiyanywa miaka mingi, hata mifupa inaumia.

Na wewe wa Nairobi usijione umepona. Hapa pia kuna visima vinavyopita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki palepale. Klorini nayo haiigusi.

Suluhisho lipo, tena la hapa nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilianza kutengeneza vichujio vya makaa ya mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, kisha inasagwa kuwa chembe zenye vitundu vidogo mno. Maji yakipita, floraidi inanaswa humo.

Sasa shida iko wapi? Chembe hizi si kama matatu yetu, ati "songa hapo kidogo". Zikijaa zimejaa. Maji yataendelea kutoka, meupe na matamu vilevile, lakini floraidi inapita tu. Lazima mtu apime, na makaa yabadilishwe.

Hapo ndipo siasa inaingia. Kuzindua kisima kuna utepe, ngoma na picha za kuposti. Kubadilisha makaa miaka kadhaa baadaye hakuna picha, kwa hivyo ni rahisi kusahaulika kwenye bajeti. Na Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya maji safi na salama, huku huduma ya maji ikiwa jukumu la kaunti. Si hisani ya mheshimiwa.

Kwa hivyo akija kukata utepe mtaani kwenu, piga makofi ukitaka, lakini muulize mambo mawili. Floraidi ni miligramu ngapi? Na kichujio kikijaa, nani atakibadilisha, kwa pesa gani? Akikosa jibu, mtoto wa jirani ndiye atakayelibeba mdomoni.