Msimlaumu Mama kwa Sufuria Tupu

Hapa Kapkatet, nyumba ikikosa chakula cha maana, lawama haitafuti njia. Huenda moja kwa moja kwa mama. Hajui kupanga, watasema. Bonasi ya chai ililipwa juzi tu, na watoto tayari wanakula ugali kwa chai. Semina za akina mama nazo hukazia msumari huohuo: andika orodha kabla ya kwenda sokoni, nunua kwa jumla, punguza mafuta. Kila mtu anaamini kwamba chakula cha bei nafuu ni kazi ya mwanamke mwerevu. Imani hiyo ni potofu, na imewanyima watoto wetu chakula kwa miaka mingi.

Kununua kwa jumla kunahitaji pesa za jumla. Mama anayepewa shilingi mia saa kumi na moja jioni hawezi kununua gunia la maharagwe. Atanunua mafuta ya kupimwa, nyanya mbili, fungu la sukuma na unga wa usiku huo. Kwa kila kilo analipa zaidi ya jirani yake mwenye akiba, kisha anaambiwa ni mbadhirifu. Huyo ndiye mtu mwenye hesabu kali kuliko wote katika boma, kwa sababu akikosea shilingi kumi kuna mtoto atakayelala njaa.

Sasa tazama ardhi. Kutoka Litein hadi Kaplong, majani chai yamepandwa hadi ukutani mwa jiko. Namba ya mkulima ya KTDA, shirika la chai, mara nyingi ina jina la mzee, malipo ya mwezi huingia katika akaunti yake, na bonasi ya Oktoba vilevile. Mama na watoto ndio wachumaji. Mama hakuulizwa siku kile kipande cha mwisho cha mboga kilipogeuzwa chai. Siku hiyo ndipo bajeti ya jikoni ilipoamuliwa, na aliyeiamua hapiki.

Wazee hujibu kwamba chai ina pesa, na mboga zitanunuliwa. Ningekubali kama bei ya chai ingekuwa mikononi mwetu. Huamuliwa kwenye mnada wa Mombasa, na mwaka 2025 bonasi iliposhuka, wakulima wa Kericho na Bomet walijaa barabarani kulalamika. Bei ya unga nayo si yetu. Julai 2022 pakiti ya kilo mbili ilikuwa imepita shilingi 200, serikali ikaishusha hadi 100 kwa muda mfupi karibu na uchaguzi. Hata mahindi tunayopanda wenyewe si ngao kamili: ugonjwa hatari wa virusi vya mahindi uligunduliwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 2011, hapo Longisa, Bomet, ukaacha mashamba mazima yamekauka. Familia inayotegemea majani chai na pakiti ya unga peke yake imefungwa kamba mbili, na zote zinavutwa na watu wengine.

Lakini mboga tunaweza kuzipanda wenyewe, kwa maana mvua yetu hunyesha karibu mwaka mzima. Managu, saga na kunde huanza kuchumwa wiki chache tu baada ya kupandwa, na ukichuma kwa uangalifu huchipua tena. Mpe mama mistari michache nyuma ya jiko uone atakavyopika. Ataloweka maharagwe usiku ili yasile kuni nyingi kesho yake. Atachemsha managu na saga, amwage maji machungu, aongeze maziwa na kuyaacha yalale, kama kogo, bibi zetu, walivyofanya. Omena kidogo wataongeza nguvu siku ambayo nyama haipo. Mahindi atayasaga posho mill bila kukoboa, achanganye na wimbi, ambalo lina kalsiamu mara nyingi zaidi ya mahindi na lilikuwa ugali wa Wakipsigis kabla ya mahindi kutawala. Na chai ingojee. Ikinywewa pamoja na chakula, huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe na mboga hizo, na sisi huwapa watoto kikombe kwenye kila mlo tukidhani tunawashibisha.

Hakuna lolote hapo ambalo mama zetu hawalijui. Wamekosa udongo na pesa ya mkupuo, basi.

Kwa hiyo semina ijayo ya bajeti ya nyumbani iitiwe wanaume. Na wewe mzee mwenye namba ya KTDA, kabla ya Oktoba ng'oa mistari mitatu ya chai iliyo karibu na jiko, umkabidhi mama watoto bila masharti. Bonasi ikiingia, gunia la maharagwe linunuliwe kwanza, kabla ya bati, kabla ya pikipiki.