BENDERA MPYA, DAFTARI LA ZAMANI

Wako watu wanaodhani kuwa tarikhi ya uhuru huanza na kumalizika katika usiku mmoja: bendera moja ikashuka, nyingine ikapanda, mizinga ikalia, na kesho yake raia akaamka yu huru. Sisi hatuidharau siku hiyo. Lakini kila mwenye duka anajua kuwa duka laweza kupata mwenyewe mpya, na ubao wa mlangoni ukaandikwa jina jipya, na chini ya meza likabaki daftari lile lile, lenye madeni yale yale ya watu wale wale. Serikali nayo ina daftari lake. Humo mmeandikwa nani atalipa, nani atapelekwa kazini, na nani atahamishwa pahala alipozaliwa. Tunalotaka kulisema leo ni hili: uhuru wa watu haujatimia mpaka daftari hilo lifunguliwe mbele ya wale walioandikwa ndani yake.

Ushahidi wetu tunautoa pahala pawili palipo mbali mbali. Pa kwanza ni milima ya Andes, katika nchi ziitwazo leo Peru na Bolivia. Pa pili ni nyanda za juu za Buha, yaani Kasulu na Kibondo katika mkoa wa Kigoma. Msomaji wa visiwani asiulize Buha inatuhusu nini. Wafanya biashara waliotoka pwani yetu walifika Ujiji katika karne ya kumi na tisa, wakaacha huko lugha yetu na misikiti. Na bidhaa waliyoichukua ilikuwa pembe na, tuseme kweli, wanaadamu. Na tangu mwaka 1964 sisi na watu wa huko tumo katika Jamhuri moja.

Tuanze na Andes. Mwaka 1545 iligunduliwa fedha katika mlima wa Potosí. Mfalme wa Hispania akataka fedha hiyo, na mlima haujichimbi wenyewe. Ndipo Francisco de Toledo, aliyekuwa naibu wa mfalme huko Peru tangu 1569 hata 1581, alipotengeneza daftari. Kwanza aliwatoa wenyeji katika vitongoji vyao vilivyotawanyika milimani, akawakusanya katika vijiji vilivyopimwa kwa kamba. Waliohamishwa hivyo hukisiwa kuwa walizidi milioni moja. Walielezwa kuwa ni kwa faida ya dini yao na ya mwenendo mwema. Lakini mtu aliyekusanywa ni rahisi kuhisabiwa, na aliyehisabiwa ni rahisi kutozwa. Kila mwanamume mzima aliandikiwa kodi. Kisha ikawekwa zamu, iliyoitwa mita, ya kwamba katika kila wanaume saba mmoja aende kuchimba. Karibu watu 13,000 wakawa wakipelekwa Potosí kila mwaka. Na aliyewakusanya hakuwa Mhispania, bali alikuwa chifu wao wenyewe, kuraka, ambaye kiti chake kilisimama maadamu hisabu yake imetimia.

Sasa tuitazame Buha. Watu wa Heru, wa Muhambwe na wa falme nyingine za Waha walikuwa na wami wao na watwale wao kabla hajaja mgeni. Akaja Mjerumani, ambaye mwaka 1898 alianza kutoza kodi ya nyumba katika koloni lake. Mwaka 1916 akaja Mbelgiji kwa vita, akashika Kigoma mpaka mwaka 1921, alipomkabidhi Mwingereza. Mabwana watatu katika miaka mitano, wala hakuna Muha aliyeulizwa. Mwaka 1922 Mwingereza aliweka sheria yake ya kodi ya nyumba na ya kichwa, na mwaka 1926 Gavana Donald Cameron akapitisha sheria ya utawala wa wenyeji, iliyomfanya mwami kuwa mkono wa Serikali. Yule aliyekuwa akipokea ng'ombe na maharage kwa ada ya mababu, sasa alikuwa akikusanya shilingi kwa amri ya Boma. Kuraka wa Andes angalifika Kasulu, asingalihitaji mkalimani kuielewa kazi hiyo.

Na shilingi zitoke wapi? Buha ilikaa muda mrefu bila ya zao la biashara la maana. Njia iliyokuwa wazi ni reli, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Vijana wa Kasulu na Kibondo waliipanda kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na tangu mwaka 1944 ikawako idara ya wenye mashamba, SILABU, ya kuwaandikisha na kuwasafirisha. Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Angalieni neno hilo, ndugu zangu. Mtu aliondoka kwao na jina alilopewa na baba yake, akafika shambani akiwa hisabu. Hapakuwa na askari aliyemfunga kamba kama zama za Potosí. Kodi ilitosha kumtoa nyumbani.

Katika miaka ya 1930 likazuka jambo la malale. Maradhi yalikuwa ya kweli na yaliua, wala hatuwezi kumlaumu daktari kwa kuyapiga vita. Watu wa Buha wakahamishwa kwa maelfu, wakakusanywa katika makaazi mapya mbali na mbung'o. Makaburi ya wazee yakabaki porini, na nchi iliyoachwa ikageuka kuwa mwitu. Hata jambo la kheri, likitendwa bila ya mashauri, humfundisha mtawala kuwa watu ni kitu cha kuhamishwa.

Turudi Andes tuone walivyojikomboa. Mwaka 1777 kuraka mmoja mwenye misafara ya nyumbu, José Gabriel Condorcanqui, alikwenda Lima kuomba watu wake wasamehewe mita. Hakusikilizwa. Mwaka 1780 akasimama kwa vita akijiita Túpac Amaru, na tarehe 18 Mei 1781 akauawa hadharani katika uwanja wa Cusco. Mita ilifutwa na baraza la Hispania mwaka 1812. Jenerali San Martín akatangaza uhuru wa Peru mwaka 1821, na mwaka huo huo akaifuta kodi ya wenyeji. Bolívar naye akaifuta katika Bolivia mwaka 1825. Watu wakafurahi. Mwaka 1826, katika nchi zote mbili, kodi ile ile ikarudishwa, ila safari hii haikuitwa tena ushuru wa mfalme. Iliitwa mchango! Mlipaji alikuwa yule yule, katika kijiji kile kile, na daftari lililotumika kumtafuta lilikuwa la zama za mfalme.

Kwa nini wakombozi wenyewe wafanye hivyo? Hawakuwa watu waovu. Hazina ilikuwa tupu, na wa kwanza kufikiwa na mkono wa hazina tupu ni yule ambaye jina lake limekwisha andikwa na sauti yake haisikiki. Katiba ya Bolivia ya 1826 ilimtaka mpiga kura ajue kusoma na kuandika, na sharti hilo liliwaweka wenyeji wengi nje ya uchaguzi mpaka mwaka 1952. Huko Peru kodi ilifutwa na Ramón Castilla mwaka 1854, wakati hazina ilipokuwa imeshiba mapato ya mbolea ya ndege wa baharini. Basi maskini aliachiwa mzigo siku ambayo mzigo wake haukuhitajiwa tena.

Na Buha? Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, na mwaka 1963 uchifu ukaondolewa kwa sheria. Hata Mwami Theresa Ntare wa Heru, mwanamke aliyeheshimiwa mbali na kwao, hakubaki na kiti. Haki lazima isemwe: tofauti na Bolivia, kila mtu mzima alipewa kura, shule zikaongezeka, na uandikishaji wa manamba ukakoma. Lakini mwaka 1972 ilikuja Operesheni Kigoma, watu wakahamishwa tena kwenda vijijini, na mwezi wa Novemba 1973 likatoka agizo kuwa nchi nzima iwe imehamia vijijini ifikapo mwisho wa 1976. Mzee aliyehamishwa kwa ajili ya malale akiwa kijana, akaishi kuona wanawe wakihamishwa kwa ajili ya maendeleo. Kodi ya kichwa nayo, ambayo watu walidhani imezikwa, ilirudi katika miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, ikadumu mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Mchango kule, maendeleo huku: jina zuri halimpunguzii mlipaji hata senti moja.

Wala kufutwa huko hakukuwa bure. Halmashauri za wilaya zilipoteza pato lao, zikawa zinangojea ruzuku kutoka serikali kuu. Na mwenye kulishwa kwa mkono wa mwingine hapandishi sauti mezani.

Ndugu Wanachama, chama cha upinzani kina khatari yake. Kwa kuwa kimekaa nje muda mrefu, huanza kuamini kuwa shida yote ni mtu aliyekikalia kiti. Wakombozi wa Andes waliamini hivyo pia. Kwa hiyo tawi lolote likutanapo kuzungumza khabari za kushika serikali, na liulize kwanza masuala matatu. Kodi gani tutaiendeleza, na mlipaji wake ana sauti gani juu yake? Watu wakitakiwa kuhama, ni nani atakayewauliza, na jibu la hapana litapokewa vipi? Na halmashauri zitapata wapi fedha zisizokuwa za kuomba?

Mgombea asiyeweza kuyajibu hayo mbele ya watu wa shehia yake, hata akiwa ni wetu na tumemlea wenyewe, hajawa tayari kukabidhiwa daftari.