MAMBO YA NYUMBANI: Mtumba Uliofungwa

Mwezi huu twapenda kusema nanyi habari za nguo za mitumba. Kwetu Msata ni nyumba chache zisizozivaa, na mwalimu naye mara nyingi husimama mbele ya watoto na shati lililovaliwa kwanza na mtu wa mbali.

Jina lenyewe ni la zamani katika njia zetu, maana mtumba ni mzigo uliofungwa. Katika karne ya 19 wapagazi walitoka Bagamoyo kwenda bara wakichukua mitumba ya merikani na kaniki, nguo mpya za Marekani na Bara Hindi. Siku hizi mtumba hushuka bandarini Dar es Salaam, mara nyingi uzito wake kilo 45, na ndani yake mna nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya, Marekani na Uchina. Tangu serikali ilipolegeza amri za biashara mwaka 1984, zimezidi sana. Wengine waliziita kafa ulaya, wakidhani wenyewe wamekufa. Sivyo, walio wengi wako hai, walizitoa tu, kisha wafanya biashara wakazichagua, wakazifunga na kuziuza kwa uzito. Nasi tulio penye njia panda, barabara ya Bagamoyo ikutanapo na ile ya Chalinze kwenda Segera, huletewa daima.

Basi tutawaambia kosa letu wenyewe. Tulikwenda gulioni pamoja na mtoto wetu, tukamkuta kijana ametandika turubai. Makoti mazito tele, na mashati machache. Tukashika shati jeupe la kumfaa mtoto shuleni, tukaanza kulitia ila: kola imechakaa, kitambaa kimelegea, halifai kitu. Kijana akataja bei. Tukaikata nusu, tukajifanya twaenda zetu, tukarudi, tukaikata tena, hata akatoa kwa unyonge. Njiani tukajisifia ujanja wetu. Tulipofika nyumbani mtoto akaligeuza shati, akauliza, “Baba, mbona ulimwambia kola imechakaa? Hii ni nzima.” Hatukuwa na la kumjibu.

Juma la pili tukamwendea yule kijana, tukaketi naye. Akatueleza ya kuwa mtumba ule aliununua kwa fedha za mkopo. Tena muuzaji wa namna yake hununua mtumba umefungwa, wala hafunguliwi kabla ya kulipa. Alipokata kamba alikuta sehemu kubwa ni makoti ya baridi; na nani hapa atavaa koti la theluji katika jua la Januari? Yale mashati machache ndiyo yaliyopaswa kurudisha gharama ya mzigo wote. Sisi twachagua kwa macho yetu. Yeye hununua asichokiona. Tukampa fedha zilizopungua. Akacheka, akazipokea, akatupa vifungo viwili vya akiba.

Hatusemi mnunue pasipo kupatana bei. Kupatana ni desturi, na fedha za nyumba ni za kutunzwa. Lakini taja ila iliyopo, usibuni isiyopo. Nenda mchana, ulinyoshe vazi mbele ya jua uone matundu. Tazama makwapa, mishono, magoti na zipu. Ikiwa lahitaji fundi, ongeza ujira wake katika bei kabla ya kusema ni rahisi. Nguo za ndani zilizovaliwa usinunue kabisa. Shirika la Viwango Tanzania limezikataza kwa ajili ya afya. Zilizobaki zifueni kwa sabuni, zianikeni juani, zipigeni pasi hata kwenye mishono.

Tena tusiwasahau mafundi wetu. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikusudia kuikomesha mitumba ifikapo 2019, ili viwanda vya nguo vipate nguvu. Marekani ikatishia kuondoa ruhusa ya kuuza kwake bila ushuru, na nchi nyingine zikarudi nyuma. Rwanda iliyoshika ushuru wake mkubwa ikanyimwa ruhusa hiyo kwa nguo mwaka 2018. Hayo ni ya wakubwa. Lakini sare ya mtoto au gauni la kitenge twaweza kumpa fundi wa kijijini, tukawa tumelisha nyumba ya jirani.

Walimu, wapeni watoto hesabu hii: mtumba umenunuliwa kwa bei kadha wa kadha, nguo ni nyingi, zinazouzika ni theluthi moja, kila moja iuzwe kwa bei gani hata muuzaji asipate hasara? Nanyi wazazi, mwendapo gulioni na watoto, kumbukeni ya kuwa wanasikiliza kila neno mnenalo juu ya turubai lile. Sisi tulikumbushwa na mtoto wa darasa la tatu, nasi twamshukuru.