TAHARIRI: Kijana, kwa nini uibe kilichowekwa mezani ule bure?

Ndugu msomaji, leo hatuzungumzii uchaguzi, wala bei ya kahawa, wala foleni ya malori pale Tunduma. Leo tunazungumzia kitu kilichomo ndani ya kompyuta ya steshenari unakochapia barua zako. Usigeuze ukurasa. Kitu hicho kimeshawakosesha kazi vijana wenzako, na kesho kinaweza kukukosesha wewe.

Tuanze na kisa. Mwandishi wa tahariri hii aliishia kidato cha nne, na kama wewe, ameandika barua nyingi za kuomba kazi. Siku moja ya mwisho ya kupokea maombi alikuwa hapa Mbozi Mission, katika chumba cha steshenari chenye kompyuta mbili na mashine moja ya fotokopi. Barua ilishachapwa tangu jana yake, kilichobaki ni kurekebisha tarehe na anwani. Faili likafunguka, lakini halikukubali hata herufi moja. Juu ya kioo kulikuwa na tangazo: programu hii haina leseni.

Akaitwa fundi. Fundi akaja na fleshi yake yenye "ufunguo" wa magendo. Ufunguo ule ukataka kwanza kinga ya virusi izimwe. Ikazimwa! Haikupita nusu saa, mafaili yote ya duka yakawa hayafunguki: barua, vyeti vilivyoskaniwa, mitihani ya walimu, mahesabu ya vikundi vya kuweka na kukopa. Saa sita ya usiku ikapita na kazi ikaenda kwa wengine. Hatumtaji mwenye duka, kwa sababu kosa lile si lake peke yake. Ni la kwetu sote tuliozoea kuamini kwamba kompyuta bila Microsoft Office si kompyuta.

Shamba la kukodi

Tuulizane, ndugu msomaji. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuinunua Word kwa pesa yao? Kijiweni kote hutampata mmoja. Na si ajabu. Kule Marekani, Januari 2025 Microsoft ilipandisha ada ya Microsoft 365 ya mtu mmoja kutoka dola 69.99 hadi dola 99.99 kwa mwaka. Kwa hela yetu hiyo ni zaidi ya shilingi 200,000, na mwakani ulipe tena. Ukiacha kulipa, programu inageuka kabati la vioo la dukani: unaona, hugusi. Ipo pia ya kununua mara moja, lakini nayo bei yake si ya mlalahoi.

Wewe mtoto wa mkulima wa Mbozi unaielewa hesabu hii kuliko profesa. Mbegu ya chotara inazaa vizuri, hakuna anayebisha, lakini kila msimu sharti urudi dukani. Ukirudia kupanda uliyovuna, shamba linakuaibisha. Mbegu ya asili unaitunza darini, unapanda, unamgawia jirani, na hakuna polisi atakayekuuliza. Programu nazo ziko namna hizo mbili.

Tena kuna sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Wasanii wetu wanapoibiwa kazi zao tunapiga kelele, tena kwa haki. Lakini huyo anayepiga kelele ukimfungulia kompyuta yake, unakuta imejaa mali ya wizi kuanzia Windows hadi Excel. Huo ni unafiki, na sisi hatutauficha.

Kumbe ya halali ipo

Jina lake ni LibreOffice. Ina ya kuandikia barua, ya mahesabu, ya kutayarisha maonyesho ya mkutanoni na ya kutunza kumbukumbu. Haina ada wala ufunguo, na ukishaiweka haihitaji bando ili ifanye kazi. Ukiipakua mara moja unaweza kuwagawia wenzako mtaa mzima kwa fleshi, na leseni yake inakuruhusu waziwazi.

Utasema: rahisi ghali, kitu cha bure lazima kina mtego. Sikiliza historia yake. Ilianzia Ujerumani, ambako kijana Marco Börries alianzisha kampuni ya StarDivision katika miaka ya 1980 akiwa bado kijana mdogo kabisa. Mwaka 1999 kampuni ya Sun Microsystems ikainunua, na mwaka 2000 ikaweka wazi maandishi ya ndani ya programu ile ili kila fundi duniani ayasome, ayarekebishe na kuyagawa. Hiyo ndiyo OpenOffice.org. Mwaka 2010 Sun ikamezwa na Oracle. Mafundi wakaingiwa na wasiwasi na tajiri mpya, wakachukua nakala yao kihalali na kuanzisha LibreOffice chini ya taasisi yao wenyewe, The Document Foundation. Tajiri hakuweza kuwazuia. Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili, ndugu msomaji. Bei ni sehemu tu. La msingi ni kwamba hakuna bwana anayeweza kuamka asubuhi akakufungia mlango.

Mlimani walishatuonyesha njia

Wengi hawajui kwamba Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux na kwa msaada wa Wasweden, walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta yenye amri zake kwa Kiswahili. Baadaye Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya bidhaa zake. Jiulize, kwa nini tajiri alikumbuka lugha yetu wakati huo? Mwenye duka hupunguza maringo anapoona jirani naye amefungua.

Sasa jiulize la pili: Jambo OpenOffice iko wapi leo? Iliishia kuwa habari ya magazetini. Tafsiri ya Kiswahili ndani ya LibreOffice ipo lakini haijakamilika. Vijana wanaojua Kiswahili na kompyuta tunao mamilioni, na kazi hiyo haihitaji kibali cha waziri. Hapa Mbozi wamisheni wa Moravian walifika mwaka 1899, na kazi mojawapo waliyoifanya ilikuwa kukiandika Kinyiha. Wageni waliitafutia lugha yetu maandishi, sisi wenyewe tunashindwa kuitafutia lugha ya taifa nafasi kwenye kompyuta?

Tusidanganyane

Gazeti hili halitakuuzia mbuzi kwenye gunia. LibreOffice ina kasoro zake. Faili lililotengenezwa kwa Word wakati mwingine hufunguka huku jedwali limehama na herufi zimebadilika. Faili la Excel lenye amri nzito za kujiendesha linaweza kugoma. Na tangazo la kazi likidai "awe anajua Word na Excel", mwajiri anamaanisha hivyo. Hata Ulaya si wote walioweza: jiji la Munich liliamua kuhama mwaka 2003, na mwaka 2017 baraza lake likapiga kura ya kurudi kwa Microsoft. Lakini mwaka 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, hukohuko Ujerumani, lilitangaza kuhamishia LibreOffice kompyuta zipatazo 30,000. Matajiri wale wameona mzigo, wewe usiye na kitu unang'ang'ania nini?

Dawa ya kasoro hizo ipo. Barua na wasifu wako vitume kwa PDF, ambayo LibreOffice inatoa yenyewe, na kwa mwajiri vitafika kama ulivyovipanga. Akitaka faili la Word, hifadhi kwa aina hiyo, kisha kagua kabla ya kutuma. Kuhusu ujuzi, aliyeelewa jedwali la mahesabu hapotei kwa sababu vitufe vimehama. Dereva wa Fuso hashindwi Scania.

Wakubwa nao wajibu

Serikali haiwezi kusema haivijui vitu hivi. Wizara ya Afya imekusanya takwimu za hospitali na zahanati za nchi nzima kwa zaidi ya miaka 10 kwa kutumia DHIS2, programu huria iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo na washirika wake. Kama programu huria inaaminika kuhesabu wagonjwa wa taifa zima, kwa nini isiaminike kuandikia barua ya mtendaji wa kata? Tunataka kila halmashauri, ikiwemo ya Mbozi, iwaeleze wananchi inalipa kiasi gani kwa mwaka kwa leseni za programu, na kama ilishawahi kujaribu za bure. Kodi ile ni jasho la mkulima wa kahawa na la mchuuzi wa mpakani. Na shule zinazofundisha kompyuta ziwafundishe watoto kazi, zisiwafundishe duka moja.

Lakini usikae kuwasubiri wakubwa. Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Wiki hii changishaneni bando hapo kijiweni, mpakue nakala moja kutoka kwa wenyewe, The Document Foundation, na si kwa fundi wa vichochoroni. Wekeni kwenye kompyuta ya steshenari mnayoitumia. Andikeni barua moja, mfanye hesabu ya mchezo wenu wa kupeana, mwone inaposhinda na inaposhindwa. Mwenye uwezo wa kununua Microsoft anunue kwa haki, hatuna ugomvi naye.

Tunachokipinga ni kijana kugeuzwa mwizi wa kitu ambacho hakihitaji. Umaskini tumeshaonjeshwa vya kutosha. Tusijiongezee na wizi juu yake.