Anayechagua gari jipya la kasi aulize pia habari za Kolwezi

Kolwezi, Lualaba. – Mtu anayenunua gari jipya la kasi huko Ujerumani hapewi tu ufunguo na kuondoka. Kwanza anakaa na muuzaji, au mbele ya kompyuta nyumbani kwake, na kuchagua: rangi ya nje, ngozi ya viti, ukubwa wa magurudumu. Kwa Porsche Taycan, gari la umeme lililotoka mwaka 2019, kuna hata sauti ya kuchagua, kwa sababu mota ya umeme haingurumi yenyewe. Halafu anangoja. Siku ikifika, anaweza kwenda kulichukua gari lake kiwandani Zuffenhausen, mjini Stuttgart, na kulirudisha nyumbani kwa barabara kuu.

Hiyo ni furaha ya kweli na hakuna sababu ya kuibeza. Taycan Turbo S ya kwanza ilitoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 2.8, na anayependa magari anaelewa maana yake: mgongo unabanwa kwenye kiti kabla mtu hajamaliza kuvuta pumzi. Vijana wa Kolwezi nao wanayajua magari haya kuliko wengi wanavyodhani. Wanayatazama kwenye simu, wanabishana lipi linashinda lipi, na betri ya simu hiyo nayo mara nyingi ina kobalti ndani yake.

Lakini katika orodha hiyo ndefu ya mambo ya kuchagua, kitu kimoja hakimo. Mnunuzi haulizwi betri yake itengenezwe kwa madini ya wapi, wala kwa mkono wa nani. Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa inatoka Lualaba na Haut-Katanga. Malori yanaibeba kupitia Likasi na Lubumbashi hadi mpaka wa Kasumbalesa, inavuka Zambia hadi bandari za Durban na Dar es Salaam, kisha nyingi inasafishwa China. Ikifika Ulaya imekwisha kuwa unga ndani ya betri, haina tena jina la mji wowote.

Kuna wanaosema shida hii itakwisha yenyewe, kwa sababu viwanda vingi sasa vinatengeneza betri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata kidogo. Ni kweli kwa magari ya kawaida. Gari la kasi ni habari nyingine. Betri za chuma na fosfati ni za bei nafuu na zinadumu, ila kwa nguvu ileile zinakuwa nzito zaidi, na uzito ni adui wa gari la kasi. Mazda MX-5, gari dogo la petroli linalopendwa na madereva tangu 1989, lina uzito wa tani moja na kidogo. Taycan inapita tani mbili, na mzigo mkubwa ni betri. Mhandisi wa gari kama hilo anahesabu kila kilo, kwa hiyo betri ya nikeli na kobalti bado inamfaa. Basi mwenye kununua gari la kasi la umeme huenda akawa miongoni mwa watu wa mwisho kuachana na jiwe la Kolwezi, na ndiyo maana swali hili linamhusu kuliko mwenye gari la kwenda sokoni.

Wengine wanaona dawa ni kuikimbia Kongo. Mwaka 2019 BMW ilitangaza kwamba kobalti ya betri zake mpya itanunuliwa moja kwa moja Australia na Moroko. Wateja wakatulia. Miaka minne baadaye vyombo vya habari vya Ujerumani vikatoa habari za arseniki katika maji karibu na mgodi wa Bou Azzer, hukohuko Moroko. Kuhama nchi hakukuondoa swali, kulilihamisha tu. Na huku Lualaba, mchimbaji ambaye mnunuzi amemkimbia hapati shule wala kofia ya usalama kwa sababu amekimbiwa. Anapata bei ya chini kwenye depo. Bei ya kobalti ilianguka vibaya mpaka serikali ya Kinshasa ikasimamisha kuuza nje mnamo Februari 2025, kisha Oktoba ikaweka kikomo: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na kiasi hichohicho kwa 2027. Anayechimba kwa mikono alizisikia hatua zote hizo mfukoni kabla ya kuzisikia kwenye redio.

Kitu ambacho gari hilo limegusa kuliko vyote mjini Kolwezi ni nyumba. Wakaaji wa Kasulo wanakumbuka mwaka 2014, mtu alipochimba kwenye kiwanja chake akakuta jiwe la kobalti, na baada ya muda mtaa mzima ukawa mashimo, mengine ndani ya vyumba vya kulala. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikapewa kampuni ya Kichina, familia zikahamishwa, ukuta ukajengwa kuuzunguka mgodi. Halafu Cité Gécamines, mtaa uliojengwa kwa wafanyakazi wa migodi tangu enzi za Wabelgiji, ambako mgodi wa COMMUS umekuwa ukipanuka kuelekea milango ya watu. Septemba 2023 Amnesty International pamoja na shirika la hapahapa Kolwezi, IBGDH, walitoa ripoti wakieleza kwamba wakaaji hawakushauriwa ipasavyo, na fidia waliyopewa haikutosha kununua nyumba inayofanana na ile waliyoacha. Mtu alikuwa na maji na umeme, akajikuta pembeni ya mji hana hata kimoja.

Hao ni wahamishwa wasiohesabiwa pamoja na wahamishwa wa vita wa Masisi na Rutshuru, na ni sawa wasichanganywe, maana hawakufukuzwa na risasi. Ila mama anayetafuta shule mpya ya watoto katikati ya mwaka, akiwa na karatasi ya fidia mkononi na pesa zimeisha kwenye kodi, hali yake mtu wa Goma ataielewa bila kuelezwa.

Lawama zote zisipelekwe Stuttgart. Sheria ya madini ya Kongo, ilivyorekebishwa mwaka 2018, ni nzuri kwenye karatasi. Redevansi ya kobalti ni asilimia 10, na kati ya pesa hizo asilimia 25 ni za jimbo, asilimia 15 za mamlaka ya mahali mgodi ulipo. Juu yake kampuni inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Mwenye kupita mitaa ya Kolwezi wakati wa mvua ana haki ya kuuliza pesa hizo zimepitia barabara gani, na swali hilo ni la viongozi wa hapa, si la dereva wa Ujerumani.

Dereva huyo ana lake. Kuanzia Februari 2027 sheria ya Umoja wa Ulaya inataka kila betri ya gari la umeme iwe na pasipoti yake, kumbukumbu inayosomwa kwa simu ikieleza imetengenezwa na nini. Ni hatua ya maana. Hatari ni kwamba pasipoti itajazwa tani na asilimia, na kampuni zitasema zimefanya ukaguzi wao, bila mstari hata mmoja kuhusu nani alihamishwa ili shimo lipanuke na kama alilipwa nyumba kwa nyumba. Tena ule wajibu wa kampuni kuchunguza madini yao yanakotoka, uliokuwa uanze Agosti 2025, Ulaya yenyewe imeusogeza hadi 2027.

Mtu aliyetumia majuma kuchagua rangi ya ngozi ana nafasi ya kuuliza mambo mawili zaidi kabla ya kutia sahihi: kobalti hii imetoka mgodi gani, na waliokuwa wakiishi juu ya mgodi huo wako wapi sasa? Muuzaji pengine hatakuwa na jibu siku hiyo. Itabidi apige simu makao makuu, na wa makao makuu amuulize mtengeneza betri, na huyo amuulize aliyesafisha madini, mpaka swali lifike kwenye ofisi moja ya Kolwezi ambako karatasi za fidia za Cité Gécamines zimewekwa.