Nani Atainama Badala Yake?

Mgonjwa akiwa karibu kutoka hospitali, sisi wauguzi tuna maswali yetu. Kidonda kimekauka? Homa imekwisha? Anaweza kusimama? Anajua saa za dawa? Akijibu vema, tunaandika jina lake katika kitabu, tunampa karatasi yake, tunamwombea, naye anakwenda. Maswali hayo ni mazuri. Lakini liko swali moja ambalo kwa miaka mingi sikuliuliza, na nimejifunza kwa huzuni kwamba ni kubwa sawa na yale mengine yote. Ni hili: Nyumbani kwako kuna nani?

Leo nataka kusema juu ya mtu aliyebadilishwa nyonga, naye anakaa peke yake. Labda utasema, "Watu wa namna hiyo si wengi kwetu Kasongo na Kabambare." Ni kweli, si wengi. Lakini wapo. Na mengi nitakayosema yanamfaa pia mzee yeyote aliyevunjika paja na kurudi katika nyumba isiyo na mtu mwingine.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja mjane, wa kijiji cha njia ya Kabambare, alianguka wakati wa mvua akitoka mtoni na maji. Shingo ya mfupa wa paja ikavunjika. Mwanawe, aliyekuwa akifanya biashara Kigoma, alikuja kumchukua. Wakavuka ziwa la Tanganyika, wakafika mpaka Dar es Salaam, na huko madaktari wakampa nyonga mpya. Kazi yao ilikuwa njema. Aliporudi alikuwa akitembea kwa magongo mawili, naye alikuwa akicheka. Mwanawe alikaa naye juma moja, kisha akarudi kwenye biashara yake, kwa maana ndiyo iliyolipa safari.

Mimi nilitazama kidonda. Kilikuwa kimefunga vizuri. Nikamsomea maneno ya karatasi yake: Usiiname. Usikae chini. Usikunje miguu. Kwa kila neno aliitika, "Ndiyo, baba." Nikafurahi, nikamwacha aende.

Siku ya 12, jioni, alitaka kusonga bugali. Mafiga yake yalikuwa chini, kama mafiga ya kila mama. Akaketi juu ya kiti chake kifupi, akainama mbele kuchochea moto, na nyonga ikatoka mahali pake. Alilala pale chini usiku kucha. Asubuhi mtoto wa jirani alikuja kuomba moto, ndiye aliyemkuta. Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Zikapita siku 9 kabla hajafika kwa daktari awezaye kumlaza usingizi na kuurudisha mfupa. Haukurudi. Hata leo mguu wake ule ni mfupi.

Nilipokwenda kumtazama, nilianza kumkumbusha kwa upole maneno ya karatasi. Akanitazama, akasema, "Baba, uliniambia nisiiname. Lakini hukuniambia nani atainama badala yangu."

Sikuwa na jibu. Maneno haya ninayoandika ndiyo jibu langu, ingawa nimechelewa.

NYONGA MPYA NI KITU GANI?

Fikiri kinu na mchi. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo, na kichwa hicho kinazunguka ndani ya kikombe kilicho katika mfupa wa kiuno. Kichwa hicho chaweza kuharibika kwa njia nyingi. Wazee huanguka na kuvunjika. Vijana huumia kwa ajali za pikipiki. Wenye ugonjwa wa damu ambao watu huuita SS, mfupa wao waweza kufa pale kichwani, hata wakiwa bado vijana. Wengine mifupa yao imekwisha kulika kwa uzee. Daktari hukata kichwa kibovu, akaweka cha chuma au cha namna ya kigae kigumu, na kikombe kipya, mara nyingi cha plastiki.

Kazi hii haikufanikiwa siku moja. Karibu na mwaka 1890, wakati misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa bado ikipita Kasongo na Kabambare kwenda Ujiji na pwani, daktari Themistocles Gluck wa Berlin alijaribu kutengeneza viungo vya watu kwa pembe hizo za ndovu. Vikaharibika kwa usaha. Mwaka 1958 John Charnley wa Uingereza aliweka vikombe vya plastiki ya namna moja, navyo vikalika upesi. Hakuficha kosa lake. Alitafuta plastiki nyingine iliyo ngumu zaidi, na tangu mwaka 1962, katika hospitali ya Wrightington, akaanza kazi ambayo madaktari wa dunia nzima waliifuata. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kati ya nyonga 100 za namna hii, karibu 58 zilidumu miaka 25. Ni wangapi kati yetu wenye nyumba ya udongo iliyodumu hivyo?

Basi chuma si kibaya. Lakini katika majuma ya kwanza nyama zilizo kandokando yake zimelegea kwa sababu ya kukatwa. Mchi ukilazwa sana upande, unatoka kinuni. Ndiyo maana mgonjwa anakatazwa kuinama sana, kukaa chini, kupitisha mguu juu ya mwenzake, na kugeuka mwili huku nyayo zimebaki mahali pamoja. Madaktari hawasemi wote neno moja. Wengine hukataza kwa majuma 6, wengine kwa majuma 12, wengine hukataza machache tu, kwa kuwa wanapasua kwa njia mbalimbali. Fuata neno la yule aliyekupasua.

NYUMBA ZETU ZINAINAMISHA WATU

Karatasi nyingi zinazotoka katika hospitali za mbali zinaonya juu ya ngazi na beseni kubwa la kuogea. Nani ana beseni hilo hapa? Hatari zetu ni nyingine. Moto uko chini. Kiti cha jikoni ni kifupi. Choo ni shimo, na mtu huchuchumaa. Kitanda kiko karibu na udongo, au ni mkeka. Maji yako mtoni, na njia ya mtoni inateleza. Hata katika kuomba, Mkristo hupiga magoti, na jirani yake Mwislamu husujudu. Kwa majuma hayo wote wawili waombe wakiwa wameketi juu ya kiti, wala wasione haya. Mgonjwa ana ruhusa.

Kumwambia mtu wa nyumba kama hiyo "usiiname" ni kumwambia asile, asinywe, asiende chooni. Hatatii, kwa sababu hawezi kutii. Tena tusimlaumu.

TENGENEZENI NYUMBA KABLA HAJARUDI

Kazi hizi fundi na vijana wawili wataziweza kwa siku moja au mbili.

1. Jengeni meko ya matofali yenye kimo cha kiuno, au wekeni mbabula juu ya meza ya matofali, apike akiwa amesimama.

2. Inueni kitanda kwa magogo au matofali. Kiti pia kiwe kirefu, chenye mikono ya kushika. Akiketi, magoti yake yasipande juu kuliko nyonga.

3. Seremala atengeneze kiti chenye tundu, kiwekwe juu ya shimo la choo. Mti wa kushika usimikwe kando yake.

4. Ondoeni mikeka, kamba na kuku katika njia ya nyumbani. Usiku taa iwe karibu na mkono.

5. Vyombo vyote vya kila siku viwekwe juu ya meza, si chini. Apewe fimbo yenye ndoana ya kuvutia vitu.

6. Mwenye magongo hana mikono. Mshoneeni mfuko wa kuvaa shingoni, aweke ndani yake chakula, dawa na simu. Mahali pasipo na mtandao, awe na kopo la kupiga kando ya kitanda, na jirani ajue maana ya sauti yake.

SIKU SABA, WATU SABA

Sasa nafika kwenye neno lenyewe. Sisi tunajua kumchukua mgonjwa. Akianguka mtu kijijini, vijana 12 wanakuja na kipoyi, wanapokezana, wanavuka mito, wanafika hospitali usiku. Hakuna anayeuliza malipo. Ni desturi nzuri, nami namshukuru Mungu kwa ajili yake. Tunawasifu wale watu 4 waliomteremsha mwenye kupooza kupitia darini. Lakini akirudi mgonjwa, kipoyi kinatundikwa, na kila mtu anarudi shambani kwake. Tunafikiri kazi imekwisha. Mimi nasema kwamba siku ile ndipo nusu ya pili ya kazi inapoanza.

Nusu hiyo haihitaji watu 12 wenye nguvu. Inahitaji watu 7, kila mmoja na siku yake. Wa Jumatatu aje asubuhi na bidoni ya maji, atazame mguu, afagie, aulize kama amelala vizuri, arudi tena jioni kidogo. Wa Jumanne vivyo hivyo, mpaka juma liishe. Kwa majuma 12, kila mmoja amekuja siku 12 tu. Majina yaandikwe, kwa maana kazi ya watu wote pasipo majina huwa si kazi ya mtu.

Lakini liko kosa la pili, nalo linatoka katika upendo. Wengine wakija kusaidia humlaza mgonjwa kama chifu. Humlisha, humwogesha, humkataza kuondoka kitandani. Hilo ni baya pia. Mtu asiyetembea, damu yake huganda mguuni, mapafu yake hujaa, mgongo wake hufanya vidonda, na nyama za paja hunyauka. Mchoteeni maji, lakini mwacheni apike akisimama. Mfulieni nguo, lakini atembee mwenyewe mpaka kwa jirani na kurudi, mara nyingi kwa siku, kila juma akizidisha kidogo. Anapolala acheze vifundo vya miguu juu na chini. Msaidizi mwema huinama badala ya mgonjwa, lakini hatembei badala yake.

Wengine watasema, "Ana watoto wake mjini, waje wao." Ndiyo, waitwe. Lakini barabara za Maniema tunazijua, na tumbo halingoji gari. Wengine watasema kwa sauti ya chini, "Mama huyu anakaa peke yake kwa sababu watu wanamwogopa." Ndugu, mume akifa na watoto wakihama, ni uchawi gani huo? Ni uzee tu, nao unatungoja sisi sote.

JIHADHARINI NA MAMBO HAYA

Mguu ukivimba na kuuma katika shavu lake, au pumzi ikikatika ghafula na kifua kikiuma, mpelekeni hospitali saa ile ile, huenda damu imeganda. Kidonda kikiwa chekundu, kikitoa maji au usaha, au homa ikija, msingoje. Maumivu makubwa yakija ghafula, na mguu ukionekana mfupi au umegeuka, msiuvute. Mlazeni, uegemezeni kwa mito, mchukueni siku hiyo hiyo. Siku moja ni tofauti kubwa na siku 9, ninajua.

Tena msikubali mtu achanje chale juu ya nyonga ile, wala aikande, wala apige sindano upande ule. Vijidudu vikifika kwenye chuma, ni shida kubwa kuviondoa. Jino bovu au jipu litibiwe upesi.

NENO KWA WAUGUZI WENZANGU

Katika miaka ya 1970 Kasongo ilijulikana mbali, mpaka Antwerp na kwingineko, kwa kazi ya vituo vya afya vilivyowekwa karibu na watu, ambamo mwuguzi aliwajua watu wake. Tusiliache somo lililofundishwa kwetu wenyewe. Najua vitanda ni vichache, na wengine wanangoja. Sisemi tumweke mgonjwa miezi mitatu. Nasema hivi: mtu anayekaa peke yake asipewe karatasi ya kutoka mpaka jina la jirani mmoja limeandikwa juu yake, na jirani huyo amekuja mwenyewe kusikiliza maagizo. Na mwuguzi wa kituo cha karibu aende akaone moto uko wapi, na choo ni cha namna gani.

Mama yule bado yuko hai. Mwaka uliofuata, majirani walimjengea meko ya kimo cha kiuno, nami nilikuwapo. Tulitumia matofali 40 na udongo kidogo. Tulianza asubuhi, na kabla ya jua kuwa kichwani tulikuwa tumekwisha kunawa mikono. Hakuna aliyesema neno. Kila mtu alikuwa akihesabu moyoni jinsi kazi ile ilivyokuwa ndogo.

Msomaji, katika kijiji chako ni nani anayekaa peke yake? Usingoje aanguke ndipo umjue.