Baraza la Wanafunzi

Katika vijiji vya Biharamulo, kama katika nchi nyingine, wazee wakiwa na shauri huketi pamoja. Kila mmoja husema kwa zamu yake, wengine hunyamaza wakasikiliza, na neno likikwisha kuamuliwa hushikwa na wote. Hakuna astaajabuye jambo hilo. Walakini akitokea mtu akasema kwamba watoto wa shule nao wawe na baraza lao, wengi hucheka. Husema, “Mtoto anajua nini? Kazi yake ni kusoma na kutii.” Maneno hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote.

Kutii ni kwema, na shule isiyo na utii haina elimu. Lakini utii ni wa namna mbili. Wa kwanza ni wa yule aogopaye fimbo. Mwalimu akigeuka, naye huacha kazi. Wa pili ni wa yule aliyeelewa sababu ya amri, naye hutii hata akiwa peke yake. Utii huu wa pili ndio ufaao, na baraza ni mahali pa kujifunza utii huo.

Na ufikiriwe mfano wa shule iliyo juu ya kilima, ambayo maji yake hutekwa bondeni. Watoto wa darasa moja hutumwa kila asubuhi, nao hurudi somo la hesabu likiwa limekwisha kuanza. Mwalimu huona tu kwamba hawajui hesabu, akawadhania kuwa wavivu. Wao waijua sababu, lakini mmoja wao akiisema peke yake huonekana mjeuri. Kama liko baraza, mjumbe wao atasimama kwa adabu na kulieleza jambo hilo, na wenzake watatoa shauri: zamu zigawanywe kwa madarasa yote, au maji yatekwe jioni. Mwalimu Mkuu atalipima shauri hilo, kisha ataamua. Basi baraza halikufundisha hesabu, bali limemrudisha mtoto mahali hesabu ifundishwapo. Ndivyo baraza lisaidiavyo masomo. Asidhani mtu kwamba mikutano peke yake hushindisha mtihani.

Wazo hili si geni katika Tanzania. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alisema kwamba wanafunzi walimao shamba la shule wapewe nafasi ya kuamua mambo mengi wenyewe, mathalani kama fedha walizopata zitumike kukodi trekta au zitumike kwa haja nyingine ya shule. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtoto awezaye kuwa na maoni ana haki ya kuyatoa, na kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yahusuyo hali yake.

Lakini haki huharibika ikishikwa na wenye choyo. Nyerere alisoma katika shule ya Tabora tangu 1937 hata 1942. Husimuliwa katika habari za maisha yake kwamba viranja wa shule ile walikuwa wakipewa chakula maradufu, naye akaona si haki, akaipinga desturi hiyo. Jambo hili lafaa kukumbukwa. Mjumbe ajipatiaye mafungu mawili ya chakula amesahau waliomtuma, naye hawezi tena kuwasemea wenye njaa.

Kwa hiyo mjumbe achaguliwe na wenzake kwa uaminifu wake, si kwa ukubwa wa mwili wala kwa mali ya baba yake. Wasichana wawemo sawa na wavulana. Mkutano uwe mfupi, usile saa za masomo. Baraza lisijifanye hakimu wa kuwapiga wenzao. Na mwalimu akikataa shauri, aseme sababu, ili mjumbe apate jibu la kuwapelekea waliomtuma.

Wahenga walisema, “Palipo na wazee hapaharibiki neno.” Ni kweli. Lakini mzee hakuzaliwa mzee, na hekima ya barazani haimshukii mtu siku moja mvi zinapoota. Watoto wa leo wa Biharamulo na Ngara ndio watakaoketi katika mabaraza ya kesho. Wasipojifunza shuleni kusema kwa adabu na kusikiliza kwa subira, watajifunza wapi?